Haradali-saumu: Gugu Lenye Kosa au Msitu Usio na Kinga?

Kila Aprili na Mei, katika misitu ya mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada, watu wa kujitolea huonekana wameinama chini ya miti, kila mmoja na mfuko wake, waking'oa mmea mmoja wenye maua meupe madogo. Wamo wanafunzi, wamo wastaafu, wamo wafanyakazi wa hifadhi. Wanang'oa, wanafunga mifuko, wanaipeleka jalalani. Mwaka unaofuata mmea uko palepale. Kazi hii imeendelea kwa miongo kadhaa kwa nia njema na jasho la kweli, na sasa baadhi ya wataalamu walioufuatilia mmea huo kwa muda mrefu wanasema iachwe. Kauli hiyo imewachoma wengi. Naona inastahili kuchambuliwa kwa utulivu, maana ndani yake mna swali linalomhusu kila mwenye bustani na kila anayeishi karibu na msitu: mmea uliopandwa na watu ukishatorokea mwituni, tumshike nani?

Mmea wenyewe ni haradali-saumu, kwa jina la kitaalamu Alliaria petiolata. Ni wa ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki, figili na haradali, na jani lake likifikichwa hutoa harufu ya kitunguu saumu. Kwao ni Ulaya, sehemu za magharibi na kati ya Asia, na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Huko ni kiungo cha kale mno. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza ukoko wa chakula ndani ya vyungu vilivyochimbuliwa Denmark na Ujerumani walitangaza kwamba wamekuta humo chembe ngumu za silika zinazotoka katika mbegu za mmea huu, zimechanganyika na mabaki ya samaki na nyama. Vyungu hivyo vina umri wa karibu miaka 6,000. Mbegu zake hazishibishi mtu. Aliyezitia chunguni alitaka ladha.

Kwa hiyo wahamiaji wa Ulaya waliouvusha Atlantiki hawakudhani wamebeba gugu. Kwao ulikuwa mboga ya kuchuma mapema, wakati bustani nyingine bado zimelala kwa baridi, na pia dawa ya nyumbani. Kumbukumbu ya kwanza ya kuonekana kwake Marekani ni ya mwaka 1868, huko Long Island, New York. Leo umeenea katika majimbo zaidi ya 30 ya nchi hiyo, hadi Alaska, na uko pia Ontario, Quebec na British Columbia nchini Kanada.

Kinachoufanya uwe mgumu kudhibiti ni umri wake. Ni mmea wa miaka miwili. Mkulima wa Njombe, Lushoto au Kinangop anaijua tabia hii hata kama hajapata kuipa jina, kwa kuwa kabichi, karoti na vitunguu maji navyo ni mimea ya miaka miwili. Msimu wa kwanza mmea hauzai. Hujiwekea akiba, kabichi katika majani yaliyofumbana, karoti katika mzizi. Ukishapitiwa na baridi ya kutosha ndipo hupandisha shina, huchanua, hutoa mbegu, kisha hufa. Sisi huila akiba hiyo kabla mwaka wa pili haujafika, ndiyo maana wengi wetu hatujapata kuliona ua la karoti. Na kwa kuwa pwani hakuna baridi ya kuliamsha ua, kabichi iliyoachwa shambani huko huzeeka bila kuchanua. Mbegu nyingi za kabichi tunazonunua madukani hutoka katika nchi zenye majira ya baridi.

Haradali-saumu hufuata utaratibu huohuo, ila yenyewe haina mtu wa kuikatiza katikati. Mbegu huota mwanzoni mwa machipuko. Mwaka wa kwanza ni shada la majani ya mviringo yaliyolala karibu na ardhi, na majani hayo hubaki kijani hata theluji ikiyafunika. Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa. Mimea mingi ya asili ya misitu ile hulala kuanzia mwisho wa vuli, na miti hupukutisha majani. Haradali-saumu wakati huo iko macho, inapokea jua ambalo hakuna mwingine wa kulitumia. Machipuko ya pili yakifika tayari ina nguvu. Hupandisha shina linaloweza kufika mita moja, huchanua maua yenye petali nne, na ua moja linaweza kujichavusha lenyewe. Maana yake ni kwamba mche mmoja tu ulioletwa na matope ya kiatu unatosha kuanzisha ukoo mzima. Katikati ya kiangazi mmea wa mama umekwisha kufa na kuacha maganda membamba yaliyojaa mbegu nyeusi, mamia kwa kila mmea, na kwa mmea wenye afya maelfu. Mbegu hizo haziwezi kuota kabla ya kupita majira ya baridi. Nyingine hulala udongoni miaka mitano, na zipo zilizowahi kudumu karibu 10.

Sasa mtazame mtu aliyeingia msituni mwezi Mei. Anayaona maua meupe na kuamini kwamba ameliona kundi zima, kumbe ameona kizazi kimoja tu. Kizazi cha pili kiko chini ya miguu yake, miche midogo iliyobanwa na kivuli cha wakubwa wake, na cha tatu kimo udongoni kama mbegu. Katika misitu mingi hali hii huleta zamu: mwaka huu mimea mikubwa imejaa na miche ni michache, mwaka ujao miche imetanda na maua ni haba. Anayekuja mwaka wa miche hudhani kazi ya mwaka jana imefaulu. Anayekuja mwaka wa maua hukata tamaa. Wote wawili wanatazama jambo lilelile katika hatua tofauti.

Kundi la watafiti waliofanya kazi zao Missouri waliuchukua mtindo huu wa zamu na kuutia katika hesabu, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliona kwamba mimea hii hubanana yenyewe kwa yenyewe kiasi kwamba ukiwaondoa wakubwa wachache, miche iliyokuwa imenyimwa nafasi hupona kwa wingi zaidi. Ili kundi lipungue kweli, walikadiria, ni lazima kuua zaidi ya asilimia 85 ya mimea mikubwa, au zaidi ya asilimia 95 ya miche, tena mwaka baada ya mwaka. Chini ya hapo, jitihada inaweza kuliongeza kundi. Hebu fikiria maana ya hesabu hiyo kwa mwalimu aliyewapeleka watoto msituni Jumamosi moja, wakang'oa nusu ya mimea kando ya njia na kurudi nyumbani wamefurahi. Zaidi ya hayo, shina lililokwisha chanua likitupwa chini baada ya kung'olewa bado linaweza kukomaza mbegu kwa akiba iliyomo ndani yake. Ndiyo sababu ya ile mifuko. Na kila unyayo unaovuruga udongo wa msitu huipa mbegu iliyolala nafasi ya kuota.

Hiyo ni hoja dhidi ya kung'oa ovyo. Haisemi bado kama mmea una hatia. Mashtaka dhidi yake ni mazito, na yametoka katika maabara zinazoheshimika.

La kwanza linahusu yanayotokea chini ya ardhi. Miti mingi ya msituni haijitegemei udongoni. Mizizi yake imeshirikiana na kuvu waitwao maikoriza: kuvu huleta maji na fosforasi kutoka mbali, mti huwalipa kwa sukari. Mimea ya ukoo wa kabichi kwa kawaida haina ushirika huo, hivyo haipotezi chochote kuvu hao wakifa. Haradali-saumu hutengeneza sinigrini, kemikali ambayo ikivunjika hutoa ule ukali wa haradali unaopanda puani. Mwaka 2006 Kristina Stinson na wenzake walionyesha kwamba miche ya miti ya asili ya Amerika Kaskazini, ukiwemo ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada, ikioteshwa katika udongo uliowahi kukaliwa na haradali-saumu hupata kuvu wachache mizizini na hudumaa. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 uliongeza jambo muhimu: kuvu wa Amerika huumia kuliko kuvu wa Ulaya. Wale wa Ulaya wameishi na sumu hiyo kwa maelfu ya miaka. Hawa wameikuta juzi.

La pili linamhusu kipepeo mweupe wa misitu ya mashariki, Pieris virginiensis. Kwa asili yake jike hutaga mayai juu ya maua madogo ya msituni yaliyo jamaa wa kabichi, naye huyatambua kwa kemikali zao. Haradali-saumu ina kemikali za aina hiyohiyo, kwa hiyo jike huikubali na kutaga. Viwavi wakianguliwa hawawezi kuishi juu ya jani lile. Hufa. Kwa kipepeo ambaye tayari amepungukiwa na makazi, huu ni mtego wa kweli, na sioni mtu mwenye moyo wa kuupuuza.

Pamoja na hayo, kesi ilianza kuyumba pale watafiti walipoacha kuutazama mmea kwa msimu mmoja na kuanza kuutazama kwa miongo. Mwaka 2009 Richard Lankau na wenzake walilinganisha makundi ya haradali-saumu ya umri mbalimbali, machanga na mengine yaliyokaa mahali pamoja zaidi ya miaka 50. Kadiri kundi lilivyokuwa kongwe, ndivyo kiasi cha sumu katika mimea yake kilivyopungua. Sababu inaeleweka. Kutengeneza sumu kuna gharama, na gharama hiyo hulipa mmea ukiwa umezungukwa na majirani wa kuwadhoofisha. Wakishaondoka na jirani akabaki kuwa ndugu asiyedhurika na sumu ileile, anayetumia nguvu kidogo katika sumu na nyingi katika kukua ndiye anayeshinda. Silaha iliyouwezesha uvamizi hupungua makali baada ya uvamizi kufaulu.

Kisha likaja jambo ambalo wapiganaji wengi wa magugu hawakulitarajia. Bernd Blossey wa chuo kikuu cha Cornell alikuwa miongoni mwa walioanzisha, mwaka 1998, utafiti wa kutafuta wadudu wa kuudhibiti mmea huu. Mwaka 2021 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuyafuatilia makundi yake katika misitu kadhaa ya Marekani kwa zaidi ya miaka 10. Makundi yalikuwa yakipungua yenyewe, bila kung'olewa wala kunyunyiziwa dawa. Walipootesha miche yake katika udongo uliokaliwa na mmea huo kwa muda mrefu, miche ilikua vibaya kuliko katika udongo mpya kwake. Ni kana kwamba ardhi yenyewe, pamoja na vijidudu vyake, ilikuwa imejifunza kuudhibiti. Ushauri wao ukawa wazi: katika misitu iliyokwisha kuvamiwa, uacheni.

Ushauri huo nauunga mkono kwa sehemu kubwa, ila kuna ukingo ambao sitaki uvukwe. Miaka 10 au 20 ni kitambo kidogo kwa msitu. Kwa kundi la mwisho la ua adimu lililobaki katika bonde moja, au kwa kipepeo anayetaga mayai yake mahali pa kifo kila machipuko, ni muda wa kutosha kutoweka. Mwenye eneo la namna hiyo ana haki ya kung'oa, mradi afanye kazi hiyo kikamilifu na aendelee nayo. Na mahali ambapo mmea ndiyo kwanza umeonekana, miche mitano au 10 kando ya njia, kung'oa ndilo jibu sahihi kabisa, kabla hazina ya mbegu haijaundwa udongoni.

Lakini msitu uliovamiwa ulivamiwa kwa nini? Mbona mmea huohuo kwao Ulaya huota kwa makundi madogo kando ya ua na njia, wala hakuna anayeufungia safari kuung'oa? Sehemu ya jibu ni wadudu: Ulaya kuna aina takriban 70 za wadudu wanaoutafuna, na karibu wote walibaki nyuma ulipovuka bahari. Sehemu iliyobaki, ambayo naiona ndiyo kubwa zaidi, haitoki Ulaya wala haimo ndani ya mmea. Imo ndani ya misitu ya Amerika yenyewe, na ina majina mawili: nyungunyungu na kulungu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kusikia nyungunyungu akishtakiwa. Kwetu ni rafiki wa mkulima, na udongo wenye nyungunyungu wengi ndio tunaoutafuta. Lakini sehemu kubwa ya kaskazini mwa Amerika ilifunikwa na barafu nene iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na misitu iliyoota baada yake ilikua bila nyungunyungu. Ilijijengea utaratibu mwingine. Majani yaliyopukutika yalioza polepole na kufanya tandiko laini na nene, na mbegu za maua ya msituni zilizoea kuota ndani ya tandiko hilo. Nyungunyungu wa Ulaya waliletwa na wahamiaji katika udongo wa mimea ya vyungu na udongo uliotumiwa kuzipa meli uzito. Baadaye wavuvi wakawasambaza kama chambo, na bado wanawamwaga waliobaki kando ya maziwa. Wanyama hawa hulila tandiko lile kwa miaka michache na kuacha udongo mtupu. Mwaka 2009 Victoria Nuzzo, John Maerz na Blossey walichunguza misitu ya New York na Pennsylvania na kukuta kwamba kupotea kwa mimea ya asili kulikwenda sambamba na wingi wa nyungunyungu, iwe mimea vamizi ilikuwapo au haikuwapo. Haradali-saumu ilikuwa imefuata njia iliyokwisha kusafishwa.

Kulungu wa mkia mweupe ana hadithi nyingine. Mbwamwitu na simba wa milimani waliokuwa wakimwinda waliangamizwa katika sehemu kubwa ya mashariki. Misitu ikakatwakatwa, ikachanganyika na mashamba na bustani za nyumbani, ambako kulungu hupata chakula kizuri zaidi kuliko msituni. Idadi yao ikapanda sana. Kulungu huyu hupenda maua ya msituni kama triliamu, lile ua jeupe la petali tatu ambalo ni nembo ya Ontario, naye haitaki haradali-saumu kwa sababu ya ukali wake. Matokeo yake mshindani mmoja huliwa kila mwaka na mwingine huachwa.

Karibu na Pittsburgh, Pennsylvania, Susan Kalisz na wenzake walizungushia uzio vipande vya msitu na kuacha vingine wazi, wakavifuatilia kwa miaka mingi. Walichapisha mwaka 2014. Nje ya uzio haradali-saumu iliongezeka kwa kasi. Ndani ya uzio, mahali ambapo kulungu hakufika, ilikuwa inapungua na triliamu inarudi. Hakuna aliyeigusa haradali-saumu kwa mkono. Kama ningetakiwa kuchagua ushahidi mmoja tu katika kesi hii yote, ningechagua uzio huo. Unaonyesha kwamba mmea uleule, katika msitu uleule, unaweza kuwa mvamizi au mpangaji wa kawaida kutegemea nani mwingine anakula hapo.

Wapo waliotumaini kwamba wadudu wangemaliza ubishi. Kwa miaka mingi wataalamu, wakiwemo wa kituo cha shirika la utafiti la CABI nchini Uswisi, waliwajaribu fukusi wadogo wa jenasi Ceutorhynchus: mmoja hutoboa shingo ya mzizi, wengine shina, mwingine hula mbegu. Kanada iliruhusu aina ya kwanza, Ceutorhynchus scrobicollis, ikaanza kuachiliwa Ontario mwaka 2018. Marekani ilisitasita kwa muda mrefu, na kwa sababu ya haki: mmea huu una jamaa wengi wa asili, wengine adimu, na fukusi aliyeachiliwa harudishwi.

Hapa sisi wa Ziwa Viktoria tuna ushahidi wa kutoa. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake kama pambo la vidimbwi vya bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia ziwani. Fukusi wa jenasi Neochetina waliachiliwa upande wa Uganda mwaka 1995, na upande wa Kenya na Tanzania mwaka 1997. Walifanya kazi. Kufikia mwisho wa muongo ule sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imezama, na boti zikapita tena mahali palipokuwa pamefungwa. Kisha likarudi, na limeendelea kwenda na kurudi, hasa katika Ghuba ya Winam mbele ya Kisumu. Fukusi wako palepale. Maji taka ya miji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani nayo yanaendelea kuingia, na gugumaji linalolishwa namna hiyo hukua upesi kuliko linavyoliwa. Mdudu ni msaada mzuri kwa ziwa lililotunzwa. Ziwa linaloendelea kurutubishwa kwa uchafu litampita.

Amani, katika Usambara Mashariki, inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Wajerumani waliianzisha bustani yao ya mimea pale mwaka 1902 na kuleta miti kutoka pande zote za dunia. Mmoja wa ile iliyoenea baadaye ni Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Ila mti huu hupenda mwanga, na msitu uliofunga hauupi nafasi. Ulitamba pale ambapo wapasua mbao walikuwa wamefungua mapengo. Ndege alibeba mbegu, lakini shoka ndilo lililoitengenezea kitanda.

Haitakuwa haki nikiishia hapo, kwa maana ipo mimea ya miaka miwili ambayo muda haujaidhoofisha. Chukua Digitalis purpurea, ua la bustani la Ulaya lenye vikombe vya zambarau vilivyopangana kwenye mnara mmoja. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kitabu kuhusu matumizi yake kwa wagonjwa, na dawa ya moyo ya digoksini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hutoka kwa jamaa yake wa karibu. Kila sehemu ya mmea huu ni sumu kwa mtu na mifugo. Mbegu zake ni ndogo mithili ya vumbi, na mmea mmoja hutoa maelfu na maelfu. Katikati ya karne ya 19 ulifika milima ya Kosta Rika na Kolombia. Kule Ulaya huchavushwa na nyuki bambi. Huko milimani ulikuta ndege wavumaji wa Amerika, wenye midomo mirefu, nao wakaanza kuutembelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba katika milima hiyo shingo ya ua, pale penye nekta, imerefuka kwa asilimia 13 hadi 26 kuliko ya maua ya Uingereza. Katika vizazi visivyozidi mia moja mgeni ameanza kubadilika kulingana na mwenyeji wake mpya.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila mmea vamizi utapoa wenyewe ukiachwa anasema zaidi ya ushahidi. Haradali-saumu imepoa katika misitu iliyochunguzwa. Digitalis imejirekebisha na kuendelea. Hakuna kanuni moja, na anayeitafuta atawaponza wenzake. Kinachotakiwa ni kuufuatilia kila mmea kwa miaka ya kutosha, zaidi ya ile miwili au mitatu ambayo fedha za miradi mingi huruhusu.

Mfano wa Kolombia unatugusa sisi kuliko wa New York. Ile ni milima ya ikweta, yenye ubaridi wa mwaka mzima bila theluji, kama nyanda zetu za juu. Joto la pwani linatulinda dhidi ya mimea mingi ya Ulaya inayodai baridi ili ichanue. Kinga hiyo haipo Kigezi, wala Limuru, wala Kitulo, mahali penye maua ya asili yasiyopatikana pengine duniani. Na mbegu za maua ya bustani siku hizi huagizwa kwa simu na kufika kwa posta.

Nikiulizwa hukumu yangu juu ya haradali-saumu, ni hii. Mmea una makosa yake, na kipepeo yule ni shahidi wa kutosha. Lakini anayetaka misitu ya Amerika Kaskazini ipone atafanya vyema zaidi kupunguza kulungu, kuzungushia uzio sehemu zenye maua adimu na kuwazuia wavuvi wasimwage chambo, kuliko kujaza mifuko 1,000 kila Mei. Kung'oa kubaki silaha ya siku za mwanzo, na ya mahali pachache panapolindwa kwa kudumu. Nasi tunaopenda bustani tuna wajibu mwepesi zaidi. Ukipanda ua geni katika nchi ya baridi karibu na msitu, kata vichwa vyake kabla mbegu hazijakomaa. Ukiliona limeota nje ya ua wako, ling'oe siku hiyohiyo pamoja na mzizi wake. Na kabla ya kulinunua, mwulize anayekuuzia kama linajipanda lenyewe; akisema ndiyo, huna sababu ya kulipeleka jirani na msitu.